Bibi anataka kwenda kwao: kisa cha dimensia kilichotibiwa bila dawa, Iringa vijijini

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka kwenye kata moja ya Iringa vijijini. Kilifuatiliwa na timu ndogo ya kituo cha afya: tabibu, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wa nne ni mkwe wa mgonjwa, na pasipo yeye pasingekuwa na la kuandika. Umri, kijiji na mambo ya ukoo yamebadilishwa ili nyumba isitambulike, na familia iliridhia kisa kielezwe.

Kimechaguliwa kwa sababu tiba yenye ushahidi mwingi kuliko zote ndiyo iliyojaribiwa kwanza, ikafuatwa vizuri, na haikugusa kabisa jambo lililoileta familia kituoni. Tiba ile si mbovu. Iliitwa kujibu swali ambalo nyumba ile haikuwa imeuliza.

Mgonjwa na nyumba yake

Bibi ni mjane anayekaribia miaka 80. Maisha yake yote amelima mahindi na maharage, na mavuno yakiisha alisuka vikapu vya milulu (nyasi za kusukia) vya kuuza. Hakwenda shule. Lugha yake ni Kihehe. Kiswahili alikiokota ukubwani, sokoni na kanisani. Anaishi na mwanawe wa mwisho, ambaye siku nyingi yuko Mafinga kwenye kazi za mbao, pamoja na mkwe na wajukuu wawili. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, taa moja ya sola sebuleni, jiko nje.

Usahaulifu ulianza miaka kama minne nyuma. Kwanza maswali ya kurudiarudia, kisha mboga kutiwa chumvi mara mbili, kisha kikapu kumshinda kuanza. Nyumbani walisema ni uzee, wakaendelea na maisha. Kilichowatoa nyumbani ni jioni. Jua likianza kushuka, Bibi hujifunga kitenge, hubeba mfuko wake wa nguo na kusema anakwenda kwao. Mara mbili alikutwa barabarani gizani. Majirani wakaanza kunong'ona juu ya kikongwe anayetembea usiku, na mnong'ono wa namna hiyo ukikomaa unaweza kumgharimu mtu uhai. Familia ikawa inafunga mlango kwa nje kwa waya. Kituoni waliomba kitu kimoja: sindano au kidonge cha kumtuliza.

Yaliyoondolewa kabla ya kutafuta tiba

Haloperidoli, dawa ya zamani ya saikosisi (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo), ilikuwepo kabatini na haikuandikwa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za saikosisi huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia (ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na fikra), na mwaka 2008 onyo hilo likazijumuisha za zamani, haloperidoli ikiwamo. Mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, mhGAP, nao unataka njia zisizo za dawa zitangulie. Hata hivyo uamuzi haukuwa mwepesi, maana barabara, baridi ya Juni na midomo ya majirani vilikuwa hatari za kweli. Walikubaliana na familia kujaribu bila dawa huku mlango ukilindwa kwa njia nyingine.

Waya ulitolewa siku hiyo hiyo. Nyumba za nyanda hizi huingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, na mtu aliyefungiwa na mkaa unaowaka hana pa kukimbilia moto wala moshi. Badala yake mlango ulitundikwa kengele ya ng'ombe, kwa kamba fupi upande wa juu, ili ilie mlango unapofunguka na isilie kwa upepo. Mwenyekiti wa kitongoji alielezwa kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, akaombwa aseme hivyo hadharani. Alisema, kwenye mkutano wa maji.

Kisha mwili ukakaguliwa. Presha, sukari, wingi wa damu, VVU na kaswende vilipimwa. Vipimo viwili vya mwisho vilimshangaza mwana, lakini Iringa na Njombe ni mikoa ambayo VVU viko juu, na mzee hapimwi kwa sababu tu hakuna anayemdhania. Vyote vilitoka vizuri. Shingo haikuwa na uvimbe wa tezi. Mkojo ulikuwa safi. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Rufaa iliandikwa, na mpaka kisa kinafungwa upasuaji ulikuwa haujafanyika.

Mambo mengine mawili yalipatikana. Masikio yalikuwa yamezibwa na nta iliyokauka. Yalilainishwa kwa matone ya mafuta kwa siku 5, kisha yakasafishwa kwa maji ya uvuguvugu baada ya kuhakikisha ngoma ya sikio haijatoboka. La pili lilikuwa kwenye mfuko wa nailoni: vidonge vya Piriton, dawa ya mzio. Muuza duka la dawa alishauri kidonge kimoja kila usiku "apate usingizi", na Bibi alikuwa amevimeza kwa miezi saba. Dawa hiyo huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, tayari unaikosa. Humlaza mtu kweli, na pia humchanganya, humkausha kinywa na kumfungia choo.

Ndani ya siku 10 baada ya kuiacha, usiku ulitulia, choo kikalainika, na "watoto" aliokuwa akiwaona kwenye kona ya chumba wakatoweka. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee ambao wengi hawakusoma (hukumbusha maneno, huuliza siku na mahali, humpa mtu njiti za kiberiti azipange), kina alama 15, na 7 kushuka chini huashiria dimensia. Siku ya kwanza Bibi alipata 3. Baada ya masikio na Piriton alipata 5. Alama mbili zilizopotea hazikuwa za dimensia.

Lakini jioni alikwenda kwao kama kawaida.

Swali la kwanza

Timu ilitafuta ushahidi kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia taasisi za nchi kama Tanzania majarida ya tiba, na kupitia mapitio ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima majaribio ya tiba. Swali waliloandika juu ya karatasi lilikuwa hili: *kwa mzee mwenye dimensia, ni tiba gani isiyo ya dawa inayosaidia kumbukumbu?*

Jibu lilikuja wazi: tiba ya kuchangamsha akili katika kikundi. Jaribio la Spector na wenzake wa London, lililochapishwa mwaka 2003, liliwafuata watu 201 kwa vipindi 14 vya dakika 45, mara mbili kwa wiki. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalikusanya majaribio 37 yenye watu 2,766, na faida yake kwenye kumbukumbu na fikra ilikadiriwa kulingana na kuchelewesha kushuka kwa kawaida kwa kama miezi 6. Na zaidi ya yote, tiba hiyo ilishajaribiwa Hai, kwa Kiswahili, na wazee 34, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Huko fikra zilipanda, wasiwasi na tabia za usumbufu zikapungua. Ushahidi wa Kitanzania, wa kijijini, wa wazee wasiosoma! Kuukataa kungekuwa ujinga.

Muziki na kukumbushana mambo ya zamani viliwekwa kando. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha muziki hupunguza huzuni, lakini kwa fadhaa hausaidii sana. Kukumbushana zamani kulikuwa na faida ndogo zisizolingana kati ya jaribio moja na jingine.

Kikundi

Wazee 7 walikusanywa chini ya baraza la kituo, Jumanne na Ijumaa saa 8 mchana, wiki 7. Kila kipindi kilianza kwa salamu ya Kihehe, *kamwene*, kwa jina la kila mtu, kisha wimbo uliochaguliwa na kikundi, tarehe na hali ya hewa, halafu mada: vyakula, sauti za wanyama, hesabu ya fedha za zamani, methali za kumalizia.

Bibi alihudhuria vipindi 9 kati ya 14. Siku ya vyakula alinusa majani ya maboga yaliyofikichwa akaeleza bila kukatika jinsi ya kuyamenya nyuzi. Siku ya kutaja wanyama kwa Kiswahili alinyamaza, akatazama mikono yake, kisha akaomba kwenda nyumbani. Muuguzi, ambaye si Mhehe, alidhani amechoka. Mhudumu wa jamii aliuliza lile lile kwa Kihehe, na Bibi akataja 8. Lugha iliyoingia mwisho mara nyingi hutangulia kuondoka; hili lilipaswa kujulikana kabla ya kipindi cha kwanza, si kwenye cha tano.

Mwisho wa wiki 7 alama yake ya IDEA ilikuwa 6. Kutoka 5 kwenda 6 ni tofauti ambayo hata asubuhi njema inaweza kuileta.

Na jioni? Kabla ya kikundi, mkwe alikuwa amehesabu kwa siku 14. Mwanzoni alipewa daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Lilikaa siku mbili tu, kwa sababu saa ile ndiyo anayopika, mikono ina unga. Akabuni njia yake: kila Bibi akivuka kizingiti na mfuko, punje moja ya mahindi inatupwa kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Usiku mjukuu wa darasa la sita anahesabu na kuandika, pamoja na neno moja au mawili ya mama yake kuhusu siku hiyo. Siku mbili za kwanza zilitupwa, kwa sababu alikuwa anahesabu pia kila mara Bibi anaposema anakwenda bila kuinuka.

Siku 14 hizo zilitoa punje 38. Wiki mbili za mwisho za kikundi zilitoa 36. Ndani ya hizo 36, siku 3 alizohudhuria zilikuwa na punje 12, na siku 11 nyingine punje 24. Siku za tiba zilikuwa mbaya karibu mara mbili ya siku za kawaida. Sababu ilikuwa kwenye ratiba. Kipindi kikiisha, chai ikinywewa, bodaboda ikipatikana, Bibi anafika nyumbani saa 10 na nusu akiwa amechoka, ana njaa, na jua linashuka. Alipelekwa moja kwa moja kwenye saa yake mbaya.

Swali la pili

Hapo ndipo karatasi ya swali ilipochanwa. Mkwe alipoulizwa ni kitu gani kikibadilika ataona nafuu, hakutaja kumbukumbu hata mara moja. Alisema: "Nipike bila kukimbia mlangoni."

Swali jipya: *kwa huyu Bibi, kati ya saa 10 na nusu na saa 12 na nusu jioni, kitu gani hutangulia kuondoka kwake, na kipi kati ya hivyo kinabadilishika?* Kwa swali hilo, daftari la mjukuu likawa chanzo muhimu kuliko Hinari. Kati ya siku 14 za kwanza, siku 3 zilikuwa na sifuri. Kando ya kila moja mtoto aliandika: *tulipukuchua mahindi*, *wageni walipukuchua na bibi*, *mahindi*. Maneno hayo yalikuwa yamekaa pale wiki tisa, na timu ilikuwa imesoma namba tu.

Kwenye majarida, jambo linalofanana na hilo lilikuwepo: shughuli zinazopimwa kwa uwezo na historia ya mtu mmoja. Gitlin na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 2008 jaribio dogo la wagonjwa 60 na walezi wao, wakaona kumfuatafuata mlezi na maswali ya kurudiarudia vikipungua. Kwa ukubwa, ushahidi huo haufiki hata robo ya ule wa kikundi. Lakini ulipima kitu kinachofanana na kilichoiumiza nyumba hii.

Mabadiliko yaliingia kwa hatua mbili, ili ijulikane kipi kinafanya kazi.

Hatua ya kwanza, siku 14: usingizi wa mchana usiozidi nusu saa, kabla ya saa 8, kikombe cha uji saa 10, kabla njaa haijasema, taa ya sola kuwashwa saa 11 jioni badala ya kusubiri giza, maana macho yenye mtoto wa jicho huona vivuli mapema kuliko yetu, kiti chake kugeuzwa kitazame jikoni, kisitazame njia. Na maneno yalibadilika. "Mama, kwenu ni hapa" ilikuwa kweli, na kila ilipotamkwa ilileta ugomvi. Mkwe alifundishwa kuuliza, "Mama, kule nyumbani nani anakungoja?" kisha asikilize. Karibu kila mara jibu lilikuwa mama yake, na kazi ambayo haijaisha. Akishikilia kuondoka, asizuiwe: mjukuu atembee naye mpaka kwenye mikaratusi, wakate vijiti vya kuwashia moto, warudi navyo. Punje zilishuka hadi 24.

Hatua ya pili ilikuwa kazi.

Milulu

Wazo la kwanza lilikuwa kupukuchua mahindi kila jioni, lakini gunia lina mwisho. Mkwe ndiye aliyesema milulu. Bibi alikuwa ameacha kusuka miaka miwili, na wote waliamini amesahau. Alipopewa fungu la milulu mikavu aliligeuza mara kadhaa akaliweka chini. Timu ilikuwa karibu kulifuta wazo hilo.

Ilibainika kwamba kilichopotea ni *kuanza*. Kuanza kikapu kunataka mpango: nyuzi ngapi, kipana kiasi gani, ua gani. Kuendeleza safu iliyoanzwa kunataka vidole. Mkwe alisuka kitako mwenyewe, akapandisha ukuta vidole vinne, akauweka mapajani mwa Bibi bila neno. Vidole vikaondoka.

Yaliyojifunzwa kwa kukosea:

Milulu isiyolowekwa hukatika, na ikikatika mara mbili Bibi huacha. Ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu saa 10 wakati wa uji, kama nusu saa, kisha ifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu.

Rangi iwe moja. Alipopewa ya asili na ya zambarau alishika moja kila mkono, akabaki hivyo mpaka uji ukapoa.

Asisahihishwe. Siku ya tano mjukuu aliona safu imerukwa, akaifumua mbele yake. Bibi alilia, na kwa siku mbili hakugusa kikapu. Tangu hapo hakuna anayefumua kitu mbele yake. Kama ukuta umepinda sana, kesho yake hupewa kikapu kingine.

Isizidi saa moja na nusu. Baada ya hapo mikono huanza kuvuta nyuzi kwa hasira, na hiyo ni dalili ya kuleta chakula.

Matokeo

| Kipindi | Siku | Punje |
|---|---|---|
| Kabla ya yote | 14 | 38 |
| Kikundi, wiki mbili za mwisho | 14 | 36 |
| Mwanga, uji, usingizi, maneno | 14 | 24 |
| Hayo pamoja na kusuka | 14 | 11 |
| Milulu ilipoisha | 7 | 13 |
| Kusuka tena | 14 | 10 |

Safu ya tano haikupangwa. Milulu iliisha, mvua ikazuia kwenda kuikata, na mambo mengine yote yakabaki yalivyo. Kwa wiki moja punje zilipanda hadi karibu mbili kwa siku, kisha zikashuka milulu iliporudi. Ajali hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika kisa hiki. Kama timu ingekuwa makini, ingeiweka kwenye mpango tangu mwanzo.

Alama ya IDEA ilibaki 5 au 6 muda wote. Kumbukumbu haikurudi, na hakuna aliyeahidi itarudi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi bila ubishi ni kusafisha kwanza. Kama hesabu ingeanza kabla ya kuondoa Piriton na nta, kikundi kingeonekana kimefaulu sana, na sifa ya maji ya uvuguvugu ingekwenda kwa nyimbo.

Kikundi kisihukumiwe kwa kisa hiki. Lugha ya kipindi haikuwa ya Bibi, na saa ilikuwa mbaya. Wazee wawili wengine katika kikundi walichangamka kiasi cha familia zao kuomba kiendelee. Sasa kinafanyika saa 3 asubuhi, kwa Kihehe, na mwongozaji ni mhudumu wa jamii. Asiyejua lugha ya nyumbani ya wazee wake asiongoze, hata kama ana cheti.

Hesabu ya punje ina udhaifu wake. Aliyehesabu alijua kinachojaribiwa na alitamani kifaulu. Hatua ya kwanza iliunganisha mambo kadhaa, kwa hiyo haijulikani kama ni taa au uji. Mtu mmoja ni mtu mmoja: mwingine mwenye umri huo huo, aliyekuwa karani au dereva, akipewa milulu atauliza ni takataka za nani. Kinachoweza kuhamishwa ni utaratibu wa kutafuta, yaani siku 14 za kuhesabu tendo moja lililoelezwa wazi, kisha kuzisoma kwanza siku za sifuri.

Miezi mitatu baadaye Bibi alilazwa kwa nimonia. Aliporudi mikono ilikuwa mizito na safu zilimshinda. Mkwe alihamia kwenye kuchambua maharage, kazi isiyo na safu ya kuharibika: sahani mbili, mabovu huku, mazima huku, na usiku yanachanganywa tena kwa ajili ya kesho. Punje zilitulia kwenye 15 kwa siku 14.

Kilichoshindwa kabisa ni mgawanyo wa mzigo. Kila kitu kilichoandikwa hapa, kuanzia kuloweka, uji, taa hadi chupa ya punje, kilifanywa na mwanamke mmoja ambaye pia analima. Timu iliona hivyo wiki ya pili na ikalishughulikia wiki ya ishirini. Kikao cha ukoo kiliitishwa, na ndugu wakakubaliana kupokezana kila Jumapili ya pili ili mkwe apumzike. Walikuja mara tatu.